Kuku wa Jethro

Jethro alitoka nyumbani asubuhi na uji tumboni, na adhuhuri haijafika akarudishwa amefunikwa blanketi. Ukingo wa machimbo ya mawe kule Tabaka ulikuwa umelowa mvua, ukamporomokea. Mama yake, Eucabeth, hakulia siku ile. Aliuliza tu kama mwanawe amekula.

Eucabeth amefanya kazi moja tangu alipoolewa. Wanaume wa Tabaka huchonga, wanawake husugua. Kinyago humfikia kikiwa cheupe na cha kukwaruza. Naye hukitumbukiza kwenye beseni la maji, akakipiga msasa mpaka kiwe laini na rangi za jiwe zijitokeze. Vyote vilipita mikononi mwake vikaenda zao. Nyumbani hakikubaki hata kimoja. Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa tu.

Baada ya mazishi, Yashwant, mwenye duka mjini Kisii, alikuja kuchukua vinyago alivyokuwa amemwagiza Jethro. Chai ilipoa mbele yake. Kisha akasema, "Mama Jethro, wewe chagua kwanza. Mimi nitachukua kinachobaki."

Ndani ya gunia, katikati ya twiga, kulikuwa na kuku mmoja anayeatamia, shingo imepinda. Hakuna aliyemwagiza. Eucabeth alimtambua papo hapo: ndiye kuku wao mkorofi aliyezoea kutagia kitandani kwa Jethro. Akampakata.

Mumewe, Makori, ni mzee wa kanisa. Alisema amri ya Mungu iko wazi, sanamu haina mahali katika nyumba ya maombi.

"Baba Jethro," mkewe akamjibu, "nani amewahi kumsujudia kuku?"

Makori almanusura acheke. Wakakubaliana kuku akae juu ya kabati, mgeni akiingia amwone.

Lakini asingewekwa vile, wa kukwaruza kama kazi isiyo na mwenyewe. Kesho yake Eucabeth aliteka maji, akaketi uani na msasa wake. Alianza mkiani, akaja bawani. Mikono ilijua njia. Midomo ilikuwa katika zaburi. Jiwe likaanza kutoa wekundu wake, na moyo ukamtulia kidogo.

Ndipo akatafuta alama za patasi ya mwanawe. Jethro alitumia mkono wa kushoto, na patasi yake ilikata mshazari, kinyume cha wachongaji wenzake wote. Kwa alama hizo mama aliweza kuitoa kazi ya mwanawe kwenye rundo zima. Akapapasa bawa. Laini. Akapapasa mkia. Laini. Akatazama beseni: maji yalikuwa meupe kama maziwa.

Msasa ukamponyoka. Alikuwa amemfuta mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, huku akimsifu Mungu.

Makori alimkuta hivyo. Alimgeuza kuku polepole, akauweka mkono wa mkewe upande wa pili, ambao msasa ulikuwa haujafika. Vidole vikakutana na michirizi ya patasi.

"Hapa bado yupo," alisema. "Basi, mama. Acha."

Sasa kuku yuko juu ya kabati, ubavu mmoja unang'aa, ule wa kukwaruza umeelekea mlangoni. Wageni humwuliza Eucabeth mbona fundi kama yeye hakumalizia. Hujibu kwamba kazi hiyo imekwisha.

Beseni ndilo lililowashinda. Hakuna aliyethubutu kulimwaga. Lilikaa pale uani mpaka maji yakakauka yenyewe, chini ukabaki unga mweupe. Eucabeth amelifunika kwa sinia, na jirani akija kuliazima humwambia lina kazi.