Trela Yetu Imemtoa Mjomba Kule Wusi

Leo mjomba amekuja kwetu Sagalla kutoa maiti ya dada yangu kisimani, na dada yuko jikoni anasonga ugali.

Wacha niwaeleze.

Mimi na marafiki tunatengeneza filamu. Jana niliweka trela kwa grupu ya familia. Ndani yake Wakesho, dada yangu, anachungulia kisima. Mkono unatokea nyuma yake. Anapiga kelele, kisha giza. Kinabaki kiatu chake kimoja.

Hapo nikakata. Si ndiyo kazi ya trela, kuwaacha watu roho juu?

Kumbe mtu ameisambaza bila maelezo, ikamfikia Mjomba Mwadime kule Wusi.

Leo mchana akashuka kwa bodaboda, na kamba begani.

"Mmemtoa? Niambie, mmemtoa?"



Wakesho akatokea na mwiko mkononi. "Shikamoo, mjomba."

Mzee akakaa palepale mchangani, akalia. Jamani, sijawahi kumwona akilia.

Niliomba msamaha hadi sauti ikakauka. Tulipokunywa chai, hakuna aliyethubutu kumtazama.

Halafu akaomba simu yangu. Akaitazama trela tena. Na tena.

"Sasa," akaninong'oneza, "ni nani alimsukuma?"

Nyinyi mngemwambia?