Neno Nyuma ya Picha Yangu

Mpaka leo mtu akiniambia "tulia" napandwa na hasira, hata kama ni nesi anayetaka kunichoma sindano. Nitaeleza kwa nini, na sitaeleza kwa upole.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilichezea timu ya netiboli ya Chole, Kisarawe ndani kabisa. Nilicheza ulinzi: kazi yangu ilikuwa kuruka na kuupokonya mpira hewani kabla haujafika kwenye ringi. Wilaya ikatangaza kuchagua timu ya kwenda kushindana Kibaha. Kila mchezaji alitakiwa kujaza fomu na kubandika picha yake. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kurudishwa kwenye jembe, na nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote.

Mpiga picha wetu alikuja kwa baiskeli kutoka Kisarawe mjini. Mfukoni alikuwa na kadi tatu alizopewa na mwalimu mmoja Mmarekani, mteja wake wa kusafishiwa picha. Zilikuwa kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli, kingo zimeliwa, ambazo huko kwao watoto walizikuta ndani ya pakiti za bablishi. Mchezo wenyewe hatukuuelewa: wanaume wanaupiga mpira mdogo kwa rungu, halafu wanatimua mbio. Lakini picha! Mmoja alikuwa anateleza kwa tumbo kwenye vumbi, kofia imemtoka, mkono umenyooka kugusa kifuko kilicholazwa chini. Mwingine karuka, nyayo za viatu zinaonekana, mdomo wazi, wala hajali anavyoonekana. Nyuma ya kadi zilijaa tarakimu: msimu gani kacheza mara ngapi, kapiga ngapi.

Kwetu kupigwa picha kulikuwa kukaa kitini, mikono magotini, redio ya kuazima pembeni, na kutocheka. Kwa hiyo siku ile, kila alipoinua kamera mchezo ukiendelea, wenzangu walisimama wima kama wako paredi. Aliyeshika mpira aliukumbatia tumboni akaangalia mbele.

"Chezeni! Nani kawaambia msimame?" mpiga picha alifoka. Filamu ilikuwa adimu, na alikuwa amebakiwa na picha moja tu.

"Nipige mimi," nikamwambia. "Mimi sisimami."

Nikaruka. Ilitoka picha nzuri, na sioni haya kuisifu: miguu yote hewani, meno nje, vidole vimeugusa mpira. Nikaibandika kwenye fomu kwa majivuno yangu yote.

Baada ya wiki mbili fomu ilirudi. Katibu kata alimkuta baba yangu kwenye foleni ya sukari, duka la kijiji, akamkabidhi. Picha ilikuwa imebanduliwa, na nyuma yake mtu wa kamati ya michezo alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu. Baba alikuwa ametoka kufaulu elimu ya watu wazima. Kabla ya siku ile hakuwahi kupata karatasi ya serikali akaisoma mwenyewe. Akaigeuza picha, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, foleni nzima ikisikia: "Ha-ja-tu-li-a."

Msichana akiambiwa hajatulia, hakuna anayeuliza maana yake. Ni kwamba anahangaika na wanaume.

Jioni baba alinitupia picha mapajani. "Serikali imekuandika."

"Baba, wanasema picha. Nilikuwa naruka."

"Picha wangeandika haijatulia. Hajatulia ni mtu. Si wewe uliyetufundisha darasani tusiruke herufi?"

Ni kweli, mimi ndiye niliyelifundisha darasa lile la watu wazima.

Kesho yake nilipanda lori la mkaa mpaka Kisarawe. Aliyeandika alikuwa karani mnene, anakunywa chai. Alicheka.

"Nilimaanisha kwenye picha hukutulia. Tunataka sura ionekane. Sasa binti, kwa herufi moja ndiyo unapanda lori kutoka Chole?"

"Andika upya, Ndugu. Na mhuri."

Sikuondoka mlangoni mpaka alipoandika juu ya fomu yangu: *Picha haijatulia. Mchezaji hana kasoro.* Akagonga mhuri. Akasema picha nyingine nitaileta baadaye, ila fomu irudi na sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa. Nilirudi nyumbani nimejaa vumbi, nikiamini nimeshinda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikampa fomu. Safari hii alisoma kimya, midomo ikichezacheza. Alielewa; nilimwona anaelewa, na uso wake ukalegea kidogo.

"Basi tia sahihi, baba."

"Wale wa dukani nitawaambia nini? Niliwasomea mwenyewe."

"Kawasomee na hii."

"Watasema mzee yule hajui kusoma."

"Hukukosea kusoma! Aliyekosea ni aliyeandika!"

"Wao watajuaje?" Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Yamekwisha, mwanangu. Mimi najua huna kosa. Inatosha."

Haikutosha. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo binti hamtolei baba yake, na sijawahi kuijutia. Nilimwambia kwamba ameniuza ili aitwe msomaji. Alitazama pembeni, akaomba maji ya kunawa.

Ijumaa ikapita. Timu ikaenda Kibaha na mlinzi mwingine, msichana wa Vihingo aliyekuwa haruki hata mfereji. Jumamosi asubuhi wazee wawili wa foleni ile walikuja nyumbani na barua zao, wakitaka baba awasomee. Nilikuwa nafagia mlangoni. Nikawaamkia, nikawapisha. Waliingia ndani bila kuitikia.