Mafunjo Niliyoyapanda kwa Kamba

Miaka ya tisini, ufuoni mwa ziwa karibu na Kisian, nilijifunza mwenyewe kupanda mafunjo ili ndege wa kinamasi warudi. Nilivuta kamba, nikapanda mistari iliyonyooka kama ya mahindi. Mama mmoja msuka mikeka alikuja kunisaidia, akapanda yake yakiwa yamesongamana. Alipoondoka niliyang'oa, nikayapanda upya kwa mstari.

Kesho yake alikuja, akayaona, akacheka. "Bwana, hii ni paredi! Ndege atajificha wapi?"

Alicheka, lakini hakurudi tena. Mawimbi yalipita katikati ya mistari yangu, yakaizoa yote. Kilibaki kichaka chake kimoja nilichosahau kung'oa, na humo ndege akajenga kiota. Jioni nyingi nilikaa pale peke yangu, nikitamani yule mama apite nimwambie kwamba nilikosea.