Kidole cha Baba kwenye Kadi ya Bikira Maria

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Kituntu, mwanangu, nikiwa binti wa mafundisho ya Komunyo. Kidole changu kimoja kilikuwa ndani ya samli, na mkono wa pili umeshika kadi hii hii uliyotaka jana kuipeleka kwa fundi picha wa Nkwenda aifanye mpya. Kaa kwanza. Fundi hakimbii.

Baba yangu alikwenda vitani mwaka wa sabini na nane, na hakurudi. Hatukuletewa mwili, kwa hiyo kaburi hakuna, na picha yake hatukuwa nayo. Alituachia ng'ombe wachache na kadi hii ya Bikira Maria, aliyopewa siku ya kipaimara chake. Kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini, aliishika akasali, nasi tukamwitikia. Alipoondoka tukaichomeka ukutani karibu na jiko, ikala moshi miaka yote hiyo.

Basi katekista wetu, Mzee Tadeo, akatangaza kwamba siku ya sikukuu ya somo wa kigango, yule mtakatifu msimamizi wetu, kila mtoto alete kadi takatifu ya kwao, na iliyotunzwa vizuri kuliko zote itawekwa kwenye fremu ya kioo karibu na altare, na jina la mwenyewe litasomwa mbele ya watu. Akatupa masharti: "Vumbi na moshi futeni. Kupaka rangi, kukata kingo, kulainisha, sitaki." Mimi nilisikia jambo moja tu, jina la mwenyewe. Jina la baba halikuwahi kusomwa mahali popote. Nilitaka lisomwe, mwanangu, nilitaka hadi usingizi ukanipaa.

Sasa sisi watu wa ng'ombe unatujua. Tukipenda kitu tunakipaka samli: mtoto, ngozi ya kulalia, hata fimbo ya mchungaji. Rafiki yangu Konsolata alikuwa ameshaipaka kadi yake, inang'aa, anatuonyesha kwa mbali asije mtu akaigusa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nami nikachota samli, nikaandaa na bluu ya kufulia, maana vazi la Bikira lilikuwa limepauka pembeni na nilitaka kulirudishia rangi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenikuta. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukutazama mpaka ujione mjinga mwenyewe.

"Unafanya nini na kadi ya kaka yangu?"

"Naisafisha, shangazi."

"Kusafisha ni kuondoa. Wewe unaongeza."

Akaninawisha mikono kwa sabuni. Akachukua kitambaa laini, kikavu, akaifuta kadi polepole, akaipulizia pumzi kidogo, akafuta tena. Moshi ukatoka, uso wa Bikira ukaonekana. Lakini ule upauko wa pembeni ukabaki. Nikasema tusugue zaidi, naye akanishika mkono.

"Moshi ni wa jiko letu, uache uende. Hapa ndipo alipokuwa akiweka kidole gumba. Weka chako."

Nikaweka. Kidole changu kilipotea mle ndani. Shangazi akageuka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikalia, maana sura ya baba nilikuwa nimeanza kuisahau, na hapa ghafla palikuwa na mkono wake.

Sikukuu ikafika. Mzee Tadeo alielekeza kila kadi kwenye mwanga wa dirisha, akaipapasa, akainusa. Ile ya Konsolata ilikuwa imenywa samli hadi maandishi ya nyuma yakatokeza mbele, yamepita juu ya uso wa Bikira. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Akamrudishia. Ilipofika yangu akauliza, "Na hapa pembeni?"

"Ni kidole cha baba, mzee. Alikuwa akisali nayo."

Akaweka kidole chake pale, kisha akakiondoa upesi, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. "Ni safi na haijachezewa. Lakini haiendi kwenye kioo, binti yangu. Ikiwa kwenye kioo utaishikaje?"

Ikachaguliwa kadi ya mtoto mwingine. Jina la baba halikusomwa. Nilimkasirikia Mzee Tadeo, nikamkasirikia na shangazi, nikatembea hadi nyumbani kadi iko kifuani. Sikudanganyi kwamba yaliisha. Hadi leo natamani kulisikia.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kitu cha marehemu kifute vumbi, kilinde na unyevu na panya. Lakini ukikuta pamechakaa kwa kushikwa, paache. Ukipapaka rangi utabaki na kitu kizuri kisicho cha mtu yeyote. Na usipojua kama huo ni uchafu au ni mtu, muulize aliyemfahamu kabla hujasugua.

Nimeshazeeka kumpita baba, na kidole changu bado hakienei pale. Mungu akujalie watu wa kukuachia alama, akupe na mikono myepesi ya kuzitunza. Baba yangu aliitwa Anastazi. Haya, kanawe mikono, uje uweke kidole chako hapa, na jina lake ulitaje kwa sauti.