Jina Ambalo Kwamboka Hakupaswa Kulitaja

Nianze na jambo moja kabla hujaniona mjinga: katika habari hii yumo mzee ambaye sitamtaja jina. Alikuwa baba mkwe wa jirani yangu Tryphosa Kwamboka, na kwa kuwa alikuwa ndugu wa baba wa mume wangu, alikuwa baba mkwe wangu pia. Kwetu Gusii mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ni sehemu ya chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, ambayo pia humzuia mzee kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mimi nimesoma ngumbaru uzeeni, nimejua kuandika, na bado mkono unakataa. Tulimwita Mogaka, yaani mzee, na hapa ataitwa hivyo hivyo.

Kwamboka aliletwa Gesima kutoka Nyamache akaolewa na Okemwa, mwana wa pili wa Mogaka. Alikuwa mfupi, mwenye kutembea haraka, na ulimi wake haukuwa wa kuchezewa. Siku ya kwanza tulipokwenda kuteka maji pamoja aliniambia kwamba ninajaza mtungi kama mtu anayeuibia mto. Nikamchukia mpaka jioni, kisha nikampenda maisha yangu yote. Alizaa mabinti watupu, na wanawake walipokuja kumpa pole badala ya hongera, aliwanywesha uji kwa adabu kisha akawauliza kama hawana kazi kwao.

Mogaka alikuwa amewagawia wanawe shamba kabla hajafa. Manasseh, mkubwa, alipewa upande wa juu unaopakana na barabara. Okemwa akapewa upande wa chini mpaka kijitoni. Hakuna aliyeandika neno. Mzee alitembea nao mpakani, akapanda miti ya kuonyesha, ikatosha. Upande huo wa chini Okemwa na Kwamboka walipanda chai, miche wakiibeba wenyewe kichwani katika mvua. Kisha Okemwa naye akafa kwa homa, chai ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuchumwa.

Mwaka 1971 wakaja wapimaji wa serikali na minyororo yao na vigingi. Manasseh ndiye aliyetembea nao, na Kwamboka alidhani shemeji yake anawaonyesha mpaka wa Mogaka. Kumbe aliandikisha shamba lote, juu na chini, kwa jina lake. Mume wangu ndiye aliyeligundua jambo hilo, daftari la mashamba lilipofunguliwa kwenye kambi ya chifu ili kila mtu aangalie lake.

Kwamboka alikwenda kwa Manasseh moja kwa moja, nami nikamfuata nyuma nikiogopa wangepigana. Manasseh hakuficha. Alisema mabinti ni wa kuolewa, nyumba isiyo na mwana haina haja ya shamba, na yeye Kwamboka bado ana nguvu za kurudi kwao Nyamache. Kitambulisho cha marehemu Okemwa na karatasi zake zote zilikuwa mikononi mwake tangu siku ya mazishi, maana nani angemkatalia kaka mkubwa? Mama mkwe wetu, bibi Nyanchera, alikuwa ameketi pale mlangoni akichambua wimbi. Aliishi kwa Manasseh na alikula kwa Manasseh. Hakuinua macho.

Siku hiyo Kwamboka aliketi jikoni kwangu akalia mpaka nikaona haya kumtazama. Mazishini alilia kwa hasira, lakini hiki kilikuwa kilio cha mtu aliyeshindwa. Aliniuliza atawapeleka wapi watoto, nikamwongezea chai.

Sheria ilisema anayepinga apinge kwa maandishi kabla daftari halijafungwa. Sisi wawili hatukujua kushika kalamu. Tukaenda kwa mwalimu Josiah, mzee wa kanisa letu la Sabato, ambaye mwandiko wake ulisifiwa hata na wasiojua kusoma. Akatuandikia kurasa mbili zilizojaa. Barua ilianza kwa kumsalimu bwana ofisa, na mkewe, na watoto wake. Ikamshukuru Mungu kwa mvua. Ikasimulia habari za mjane wa Sarepta na chupa yake ya mafuta, kisha ikamwomba bwana ofisa amtazame mama huyu kwa jicho la huruma. Alipokuwa akitusomea, sote watatu tulifuta machozi. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwa sababu hivyo ndivyo Mgusii mwenye adabu anavyoingia kwa mtu: shida haisemwi mlangoni, na ya mwenzako huisemi kwa jina. Tukaitia posta, tukangoja.

Tukangoja sana. Kwamboka alikuwa akienda kuliulizia sanduku la posta la shule, ambamo barua za kijiji zilifikia, mpaka karani wa shule akawa akimwona kwa mbali anatikisa kichwa. Manasseh hakungoja. Alileta wachumaji wake katika chai ya upande wa chini. Kwamboka alisimama katikati ya mistari na kikapu chake, nao wakachuma wakimzunguka, wengine wakiomba radhi kwa sauti ya chini. Gesare, binti yake mkubwa, aliniambia kwamba mama yao ameacha kula.

Kisha ikatangazwa kwamba daftari litafungwa Jumamosi adhuhuri. Jumamosi ni Sabato yetu, kwa hiyo siku yetu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Tulidandia lori la ndizi lililokuwa likienda Daraja Mbili, tukashuka sokoni, tukapanda kwa miguu hadi mjini Kisii, kwenye ofisi ya mashamba.

Karani aliyetupokea alikuwa mtu mpole wa pwani. Aliitafuta barua yetu kwa muda mrefu, akaikuta katika faili la watu wanaoomba misaada. Ni yule mjane wa Sarepta aliyeipeleka huko. Akaisoma yote tukimtazama midomo, kisha akatueleza, bila kutucheka, kwamba barua hii inaomba huruma, haipingi kitu. Haisemi shamba gani, haisemi nani amelichukua. Yeye hawezi kumwandikia mtu pingamizi ambalo yeye mwenyewe ndiye wa kulipokea. Kama tungemletea nyingine kabla hawajafunga, angeigonga mhuri.

Barazani kwa duka moja karibu na posta aliketi Cleophas, aliyewapigia watu barua kwa taipureta. Tulimwangukia kama watu waliofikwa na msiba. Kwamboka akaanza kwa salamu, na Cleophas akamkatiza.

"Mama, barua ya ofisini haisalimu watoto wa mtu," alisema. "Sema wewe ni nani, shamba ni lipi, lilikuwa la nani, nani amelichukua, na unataka wafanye nini. Ukishasema hayo, nyamaza."

Maneno hayo Kwamboka aliyarudia miaka mingi baadaye kwa kila mwanamke aliyemjia na bahasha mkononi. Lakini siku hiyo yalimfaa mpaka nusu tu. Alisema jina lake, likapigwa. Alisema kijiji, na kijito, na miti ya mpakani. Jina la Manasseh alilisema kwa nguvu. Ndipo Cleophas akauliza lilikuwa shamba la nani hapo mwanzo.

Kwamboka akakishika kitambaa chake cha kichwa. Kisha akasema ni la Mogaka. Mogaka nani? Mzee wa boma lile. Cleophas akaondoa vidole kwenye mashine. Alikuwa Mgusii, alielewa mara moja, akanigeukia mimi. Nikamweleza kwamba mimi pia nimeolewa humo. Hapo ningeweza kucheka kama isingekuwa kwamba jua lilikuwa limeshaanza kushuka: wanawake wazima wawili, wenye watoto, hakuna wa kulisema jina ambalo kila mbuzi wa Gesima alikuwa amelisikia.

Cleophas alijaribu kutusaidia. Alitaja majina ya wazee aliowajua, moja moja, akitutazama kama tutaitikia. Hakuligusa. Kwamboka alikimbilia barabarani kutafuta mtu yeyote wa Gesima, akarudi peke yake akihema. Watu waliokuwa nyuma yetu wakaanza kulalamika. Gesare angelitamka kwa urahisi, babu si baba mkwe, lakini Gesare alikuwa nyumbani akiwalinda wadogo zake. Kwamboka aliomba liachwe tu, nafasi iwe wazi. Cleophas akakataa, akisema ofisa hawezi kulitafuta shamba lisilo na mwenyewe, na Manasseh atakuwa na jina pale yeye alipoacha nafasi.

Kisha akasema kwa upole, "Mama, mficha uchi hazai."

Kwamboka alinitazama. Sijasahau uso ule. Hakuwa akinitaka ushauri. Alikuwa ananiomba nisisikie. Nikageuka nikatazama ukuta wa duka, nikaziba masikio. Hata hivyo nililisikia. Alilisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, mbele ya barabara na watu na punda, na mashine ikalipiga. Nilipogeuka alikuwa amejifunika uso wote kwa kitambaa chake cha kichwa.

Barua ilikuwa nusu ukurasa. Karani akaigonga mhuri, na nakala yake akaigonga pia, akampa Kwamboka akae nayo. Tukarudi Gesima, na jua likatua tukiwa bado njiani, Sabato ikatukuta barabarani.

Kesi ilisikilizwa kwenye kambi ya chifu miezi kadhaa baadaye. Ofisa hakuwa Mgusii. Alimwamuru karani aisome barua kwa sauti, na jina la Mogaka lilipotoka, wazee waliokuwa kwenye mabenchi walijikunja. Manasseh hakulitetea shamba hata kidogo. Alisimama akasema kwamba mke wa kwao halitamki jina la baba mkwe, kwamba huyu amelipeleka mjini likapigwa mashine na kugongwa mhuri, na kwa hiyo amejitoa mwenyewe katika nyumba ya baba yao. Wazee wakaguna kwa kukubali. Mume wangu aliinamisha kichwa. Ofisa akauliza kama yupo mtu aliyeshuhudia mzee akigawa shamba, na hakuna aliyejibu, ingawa nusu ya waliokuwa pale waliijua ile miti. Nikajua tumekwisha. Kwamboka alikuwa ameikunja ile nakala yake mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni.

Ndipo bibi Nyanchera akainuka kutoka upande wa wanawake. Alikuja na Manasseh, alikuwa ameketi nyuma ya Manasseh. Akasema yeye ndiye aliyeolewa na mzee huyo, na akalitaja jina la mumewe, wazi, mbele ya wanaume wote. Akasema alikuwepo siku ya kugawa, yeye ndiye aliyebeba ile miti kabla haijapandwa, na upande wa chini ulikuwa wa Okemwa. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe umelitaja jina la baba yako kila ofisi ili uchukue," alisema. "Huyu amelitaja mara moja ili abaki. Kama kuna kosa, na linishukie mimi."

Hakurudi kwa Manasseh. Jioni hiyo alikuja kwa Kwamboka na mkeka wake na chungu chake, akauliza alale wapi.

Majibu hayakutolewa pale. Tulingoja tena, safari hii tukiwa watatu, na usinidanganye kwamba wema hushinda. Hatukuwa na hakika ya lolote. Kila asubuhi Kwamboka alichuma chai yake kama mtu anayechuma kwa mara ya mwisho. Bahasha ya serikali ilipofika katika sanduku la shule, Gesare aliileta mbio, na tukakusanyika mlangoni. Nyanchera aliacha wimbi lake.

Gesare akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kwamba pingamizi lake kuhusu shamba la marehemu...

Kwamboka akainua mkono. "Ruka hapo, mwanangu."

Gesare akaruka. Pingamizi lilikuwa limekubaliwa. Upande wa chini, mpaka kijitoni, uandikwe kwa jina la Tryphosa Kwamboka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kwamboka aliketi chini palepale mlangoni, akaomba asomewe tena. Gesare akaanza upya kutoka juu, na alipofika pale akaruka mwenyewe.