Sanda ya Chura

Hapakuwa na mtu Hombolo aliyewashuku watu kama Matonya. Akikaribishwa pombe ya mtama, hakuigusa mpaka mwenye nyumba anywe funda la kwanza. Kila asubuhi aliwapapasa ndama wake masikio, asije akawa amebadilishiwa usiku. Reli ya Wadachi ilipofika Dodoma, yeye alisema moshi wake ndio unaofukuza mawingu. Mkewe Ruthu, aliyebatizwa na wamisionari wa Mvumi, alikuwa akimwambia, "Baba Yotham, iko siku utakishuku hata kivuli chako."

"Kivuli kinanifuata kutwa," alijibu Matonya. "Kinataka nini?"

Mwaka huo mvua ilichelewa. Mbuga ilipasuka nyufa za kuzamisha mguu, na ng'ombe kumi na wawili wa Matonya wakabaki watatu. Kila alipoamka akaona mbingu nyeupe, alijiuliza ni nani aliyeifunga mvua.

Siku moja, akitafuta majani ya mifugo, alimwona Kuluthumu akichimba udongo wa kufinyangia. Kuluthumu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane wa ndugu wa ukoo wa Matonya. Mumewe alipokufa alibaki Hombolo, akaishi kwa kufinyanga vyungu. Matonya alijibanza nyuma ya mgunga. Akamwona mama yule anaweka jembe chini, anapiga magoti, anatoa ardhini kitu cha ukubwa wa ngumi. Alikitazama, akakifukia katika shimo jingine, akalishindilia kwa kiganja huku midomo ikichezacheza. Alifanya hivyo mara tatu.

Matonya hakusubiri ya nne. Alikwenda mbio kwa Jumbe Hassani, aliyewekwa na Wadachi kuwaangalia watu wa Hombolo.

"Nimemwona anaizika mvua," alisema. "Kwa macho yangu."

Jumbe hakupenda maneno ya uchawi, maana yalikuwa na miguu ya kufika bomani. Akaamua kesho yake kitu kile kifukuliwe mbele ya watu. Likionekana zindiko, Kuluthumu angeondoka Hombolo siku ileile, aiache nyumba yake ya tembe na kaburi la mumewe.

Asubuhi watu walijaa mbugani. Matonya alichimba mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini mwingine. Akatoa bonge la udongo, akalivunja. Ndani mlikuwa na chura mnene, amekunja miguu, amefumba macho, mwili mzima umezingirwa na ngozi nyembamba kavu kama ganda la kitunguu.

"Sanda!" alipiga kelele. "Mmeona? Amemzika chura kwa sanda!"

Watu wakarudi nyuma.

"Hajafa, shemeji, amelala," alisema Kuluthumu. "Ardhi ikikauka anazama chini, anajivika ngozi hiyo asikauke naye. Hali, hanywi, anangoja mvua. Nikimkuta kwenye udongo wangu namhamisha. Au wewe ungependa mlenda wako upikwe kwenye chungu chenye chura ukutani?"

Wawili watatu wakacheka. Matonya hakucheka.

"Na midomo? Ulikuwa unasema nini?"

"Namwomba radhi. Wewe ukimkanyaga mtu usingizini humwombi radhi?"

"Unaweza kuonyesha kwamba yu hai?" aliuliza Jumbe.

"Mtieni maji."

Maji siku hizo yalichotwa kata kwa kata katika mchanga wa mto, na wanawake waliyapangia foleni tangu alfajiri.

"Yasiwe maji yake!" alidakia Matonya. "Ataweka dawa. Wala yasiwe ya Jumbe."

"Yangu yana nini?"

"Mzee wangu, maji ya mtu ni ya mtu." Akatoa kwapani kibuyu chake, akanywa funda ahakikishe hakijachezewa. "Nitamimina mwenyewe. Wewe shemeji kakae kule mbali, mikono kichwani."

Akamweka chura kwenye kigae, akammiminia maji mpaka kibuyu kikakauka. Wakangoja. Jua likapanda. Chura alikuwa kama jiwe. Mwishowe Jumbe akainuka, akakung'uta kanzu.

"Kuluthumu, kafunge mizigo yako."

Mama yule hakulia. Aliendelea kukitazama kigae kwa mbali.

"Ngojeni," alisema Ruthu, aliyekuwa amechuchumaa karibu. "Baba Yotham, kitu chako kinapumua."

Ngozi ilikuwa inatuna shingoni. Ikapasuka. Ukatoka mkono, kisha wa pili, na chura akaivuta ile ngozi kichwani kama mtu avuaye shati, akaitia kinywani, akaimeza.

"Anakula sanda yake!" mtu alisema.

Matonya aliinama kutafuta kama kuna uzi aliofungwa. Chura akamng'ata kidole.

"Amemfufua!" alipiga yowe. "Mchawi! Amefufua mfu!"

"Nani?" aliuliza Jumbe Hassani taratibu. "Kuluthumu yuko kule, mikono kichwani kama ulivyotaka. Kibuyu chako, maji yako, mkono wako. Sasa akida, mkubwa wangu, akiuliza nani kafufua mfu Hombolo, nimtajie nani?"

Watu walijisogeza mbali na Matonya hatua mbili. Alizijua hatua hizo. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akizipiga, akiwakwepa wenzake.

"Alikuwa amelala," alisema kwa sauti ndogo.

"Hatusikii!"

"Alikuwa amelala tu! Kama shemeji alivyosema."

Jumbe akamruhusu Kuluthumu ashushe mikono. Mama yule alikuja, akamtazama chura, akatikisa kichwa.

"Umemwamsha kabla ya wakati, shemeji. Udongo mgumu hivi hawezi kuuchimba. Utamlea mpaka mvua ije."

Akampa chungu kilichobanduka mdomo. Kwa siku kumi na nane Matonya aligawana kibuyu chake na chura, akamkamatia panzi, na kila akitoka alikificha chungu asije mtu akamwibia. Ruthu alicheka mpaka akachoka.

Siku ya kumi na tisa mvua ilishuka. Matonya alikipeleka chungu mbugani akiwa amelowa chapachapa. Vyura walikuwa wameibuka kila mahali, mbuga nzima inanguruma. Alikiinamisha, wa kwake akaruka, akapotea kati ya wenzake. Kuluthumu alikuwa kando, anatazama maji yakijaa mashimo yake.

"Yule pale ndiye?" aliuliza Matonya kwa wasiwasi. "Hawajanibadilishia?"

"Mpapase masikio, shemeji."

Matonya alitazama kovu la kidole chake, akaificha mikono kwapani.