Masomo Ishirini, Yakahesabiwa Matatu

Katika kanisa letu la Waswahili pale Toronto kulikuwa na mzee mmoja, Mkenya, aliyejiteua mwenyewe kuwa mshauri wa elimu wa kila mgeni. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya kuinulia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, kazi ya heshima kabisa, lakini ukimsikiliza baada ya ibada, kikombe cha chai mkononi, ungedhani vyuo vyote vya Ontario humpigia simu kuomba ruhusa kabla ya kufungua muhula.

Nilifika miaka ya mwanzo ya elfu mbili, mimi na binti yangu mdogo, pamoja na cheti changu cha kidato cha sita: uchumi, biashara na uhasibu, daraja la pili. Nilikionea fahari cheti kile. Mzee alikitazama kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

“Sister, hii weka chini kabisa ya suitcase,” akaniambia. “Hawa watu wakiona karatasi za nyumbani, wanakuweka kwa file ya watu wa nyumbani. Anza upya. Kuwa Canadian.”

Nami, mwanamke mzima mwenye akili zangu, nikamsikiliza. Tena si mimi peke yangu. Kanisa zima tulikuwa tumejishusha madaraja kwa hiari yetu. Mhandisi kutoka Lubumbashi alijaza fomu kwamba ameishia sekondari. Mwalimu wa kemia kutoka Kisii aliandika kwamba hajawahi kushika chaki. Tulificha vyeti kama wengine wanavyoficha bangi, na tulijiona wajanja wa mjini.

Kwenye fomu ya chuo cha kati nikaandika kwamba nimeishia kidato cha nne. Wakanipa mtihani wa watu wazima, nikapita, nikaingia kusomea uhasibu kwa miaka miwili. Kipeperushi chao kilikuwa na picha ya msichana anayepanda ngazi huku anacheka, na chini yake maelezo kwamba ukisoma miaka miwili hapa, utamalizia miwili chuo kikuu. Nikamwahidi binti yangu, aliyekuwa darasa la nne, kwamba siku atakapoanza sekondari mama yake atakuwa na digrii na ameacha kusafisha ofisi za watu. Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani.

Siwezi kusema sikujifunza kitu. Nilijifunza kupeana mkono. Lilikuwepo somo zima, muhula mzima, la mawasiliano kazini: mkono wa mtu uubane kiasi gani, macho umtazame kwa muda gani, barua pepe uianzeje. Lilikuwepo na jingine la kuelewana na wenzako kazini. Somo la hiari nikachagua la kutazama filamu, kwa sababu lilikuwa Ijumaa. Yaliyobaki yalikuwa uhasibu, kodi, takwimu na sheria za biashara, na hayo niliyafaulu vizuri sana, maana mengi nilikuwa nayajua tangu kidato cha tano.

Diploma mkononi, nikaenda chuo kikuu. Kumbe nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ile njia ya miwili kwa miwili ilikuwa ya kwenda chuo kikuu kingine, kwa kozi nyingine, na kwa wanafunzi walioanza mwaka mmoja baada yangu. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kipeperushi, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Huku nilikokwenda walitaka kulipima upya kila somo, na nilete muhtasari wa kila moja, wa muhula uleule niliosoma. Miezi miwili nilizunguka nikiomba mihtasari kama mtu anayeomba moto kwa majirani. Mwalimu mmoja aliniambia kompyuta yake imekufa nayo. Mwingine alinitumia ya somo ambalo sikulisoma. Mwishowe nikaipata yote ishirini, nikaipanga kwenye faili, nikaipeleka.

Walikubali matatu. Kupeana mkono, kutazama filamu, na somo la kuelewana na wenzako kazini. Uhasibu, hapana. Kodi, hapana. Takwimu, ambazo kwa ninavyojua mimi hazibadiliki kwa kuvuka barabara, hapana. Na aliyekaa kitini akaamua hivyo alikuwa na digrii, pengine mbili. Nilicheka peke yangu ndani ya lifti ya jengo letu pale Thorncliffe Park mpaka jirani akashuka ghorofa isiyo yake.

Nikarudi chuo kikuu kulalamika. Kwenye dirisha la usajili nilimkuta dada mmoja wa Kihindi, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alifungua faili langu, akaona nilikozaliwa, uso ukamchanua.

“Mama, wewe Tanzania? Bibi yangu wa Upanga!” Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni kwa bibi, lakini kilitosha. Akashusha sauti. “Sikia, hizi za college wanakata sana. Lakini Form Six unayo? Ile tunahesabu. First year yote, mama, unaruka.”

Mwaka wa kwanza wote. Kwa mtu anayesoma huku anafanya kazi, mwaka mmoja wa masomo ni miaka miwili ya maisha. Na cheti kilikuwa chini ya sanduku, ghorofa ya kumi na nne, mwendo wa mabasi mawili. Lakini ndani ya faili lile mlikuwa na fomu yangu ya kuomba nafasi hapo chuo kikuu, na humo nako nilikuwa nimetia sahihi kwamba nimetaja kila shule niliyosoma, na kwamba nikibainika nimedanganya naweza kufukuzwa. Mtu wa kwetu akiona “natamka kwamba” na sahihi yake chini, haoni karatasi, anaona rumande.

“Sina,” nikasema.

“Kweli, mama?”

“Niliishia Form Four.”

Akanitazama zaidi ya ilivyohitajika. Nadhani alijua. “Sawa. Lakini ukikumbuka kitu, njoo kwangu. Tutarekebisha.”

Nikamshukuru, nikaondoka. Nyumbani nikamsimulia binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. “So go back and tell her, Mama,” akasema, na akaendelea kula. Mtoto wa miaka kumi na moja. Nikamwambia hajui dunia, kisha nikampigia simu mzee, ambaye dunia anaijua.

“Umefanya poa,” akasema. “Ungetoa, wangeku-deport.”

Basi nikaanza mwaka wa kwanza. Siku ya kwanza ya utangulizi wa uhasibu, somo nililokuwa nalisoma kwa mara ya tatu maishani, akaingia mwalimu. Alikuwa yuleyule aliyenifundisha chuo cha kati. Jumanne alifundisha kule, Alhamisi alifundisha hapa, kwa kitabu kilekile chenye jalada lilelile. Aliponiona alicheka, akaniuliza kama nimelipenda somo lake kiasi hicho. Nilitamani kumrushia kitabu. Nilichukia chuo kile, nikamchukia na mzee, na zaidi nilijichukia mimi, maana kila Alhamisi nilipita mbele ya lile dirisha na kila Alhamisi yule dada alinipungia mkono.

Binti yangu akaanza sekondari, nikiwa mwaka wa pili. Akamaliza, mimi bado nipo. Akaingia chuo kikuu chake, ananiuliza kwa simu nimebakiza masomo mangapi, kwa upole ule ambao watu huutumia kwa wagonjwa. Ofisi za watu niliendelea kuzisafisha.

Nilipohitimu hatimaye, kanisa liliniita mbele kwa ibada ya shukrani, nimevaa joho langu. Binti yangu alikaa kiti cha nyuma. Kipaza sauti, bila shaka, kilishikwa na mzee.

“Dada yetu alikuja hapa, nikamwambia, ficha za nyumbani, anza upya,” akatangaza. “Alisikia! Hakutoa hata moja. Leo ni nani ana degree?”

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Kwenye safu ya tatu alikaa mama mmoja aliyefika kutoka Mwanza mwezi ule, ana bahasha ya kaki mapajani, ya ukubwa ninaoujua. Alikuwa ananitazama mimi, si mzee, akisubiri nitamke.

Mzee akanipa kipaza sauti. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na nilikuwa nayo kwa miaka minane.

“Bwana asifiwe,” nikasema. “Nawashukuru kwa maombi yenu.”

Yule mama akaikunja bahasha mara mbili, akaisukumiza chini kabisa ya mkoba, akafunga zipu.